CBR yenye ABS au R6 isiyo nayo? Jibu kwa kijana wa Tegeta

Swali lenyewe nimelifupisha: "Shikamoo fundi. Nipo Tegeta, nimeendesha Pulsar kwa muda sasa nataka kupanda kwenye 600, yaani spoti ya cc 600. Nimepata mbili kutoka Japan, Honda CBR600RR ya 2010 yenye ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasiloki ukibana breki) na Yamaha R6 ya 2010 isiyo na ABS. Hali zinafanana, CBR imezidi bei kidogo. Washkaji wanasema ABS ni ya watu wasiojua kuendesha, inaongeza uzito, inarefusha breki na ikiharibika hakuna fundi wa kuigusa. Wengine wanasema bila ABS nitakufa. Nani mkweli?"

Marahaba mdogo wangu. Nikuambie msimamo wangu mapema ili usisome kwa presha: kwa mtu anayetoka kwenye Pulsar na atakuwa anaendesha barabarani, mimi nakuchagulia CBR, ila kwa sharti kwamba hiyo ABS iwe hai, maana CBR za miaka hiyo zina mfumo wa peke yake kabisa na ukikuta umekufa bora uchukue R6 na hela inayobaki ununue tairi mpya. Sababu zake ni ndefu kidogo, tulia.

Nusu ya ubishi wa kijiweni unatokana na watu kutojua ABS inafanya nini. Kila gurudumu lina pete yenye matundu na pembeni yake kuna sensa inayosoma linazunguka kwa kasi gani, komputa ikiona gurudumu moja linapungua kasi ghafla kuliko pikipiki yenyewe inavyoweza kupungua inajua hapo linaelekea kuloki, basi inalegeza presha ya mafuta ya breki kwenye kalipa, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, gurudumu likirudi kuzunguka inabana tena, na hiyo inatokea mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Haiongezi nguvu ya breki hata chembe. Nguvu inatoka kwenye tairi na lami, ABS kazi yake ni kukuzuia wewe usizidishe.

Sasa kwa nini kuloki ni kesi kubwa kwenye pikipiki. Gari likiloki tairi zote nne linaburuzika mbele limesimama vile vile, unaweza hata kutoka ukaangalia alama za tairi. Pikipiki inasimama wima kwa sababu tairi la mbele linazunguka na unaweza kulielekeza. Likiloki, usukani unakuwa mwepesi, unakunjika upande mmoja, na uko chini kabla hujamaliza kushtuka. Tairi la nyuma likiloki una nafasi kidogo, mkia unacheza, lakini ukiogopa ukaachia breki wakati mkia umeshatoka pembeni tairi linashika tena ghafla na pikipiki inakurusha juu, hiyo ndo ajali mbaya kuliko zote kwa sababu unaangukia mbele ya chombo chako mwenyewe.

Kwenye spoti kuna jambo moja ambalo wanaosema "ABS haina kazi" huwa wanalishika mkia tu. Pikipiki ya spoti ni fupi na umekaa juu, kwa hiyo ukibana breki ya mbele vizuri kwenye lami kavu uzito wote unahamia mbele, tairi linakandamizwa chini na mshiko unaongezeka, na mara nyingi tairi la nyuma litanyanyuka kabla la mbele halijateleza. Ndo maana mtu anayejua, kwenye lami kavu na tairi za moto, anaweza kubana mpaka mwisho na ABS isiguse kabisa. Hilo ni kweli. Lakini angalia neno "vizuri". Kabla uzito haujahamia, tairi la mbele limebeba kama nusu ya mzigo tu, ukinyakua breki kwa kushtuka, bajaji imekukatia mbele pale Mwenge, shokapu hazijazama bado, hapo linaloki hata kwenye lami kavu kabisa. Na sijamuona mtu anayebana taratibu kwa ustadi wakati bajaji imeshaziba barabara, mkono unanyakua wenyewe.

Kingine ambacho watu hawakihesabu ni uoga. Mtu asiye na ABS aliyewahi kuanguka au aliyeona mwenzake anaanguka huwa habani breki mpaka mwisho, anabana nusu. Tupige hesabu. Spidi ya 100 ni karibu mita 28 kwa sekunde. Ukibana kwa nguvu kubwa, tuseme unapungua mita 9 kwa sekunde kila sekunde, unasimama kwenye mita 43. Mwoga anayepata mita 5 anahitaji mita 77. Sasa hilo la mita 77 lisikudanganye ukaona ni tofauti ya mita 34 tu, jiulize kwenye ile mita ya 43 ambapo mwenzako ameshasimama wewe uko spidi ngapi: bado uko 66 na kitu. Hiyo ndo spidi utakayomgonga nayo huyo wa bajaji. Na hapo sijaweka muda wa kushtuka, ambao unakula mita 28 nyingine kama umechukua sekunde moja.

Kwa hiyo wanaosema ABS inarefusha breki wanamlinganisha nani na nani? Kama ni mpanda mashindano mwenye ABS dhidi ya yeye mwenyewe bila ABS, kwenye lami safi, baada ya kurudia mara nyingi sehemu ile ile, ndiyo, bila ABS anaweza kusimama mapema kwa mita chache. Kama ni wewe na mimi, mara moja, bila taarifa, kwenye lami iliyonyeshewa mvua ya kwanza baada ya kiangazi pale ambapo mafuta ya malori yote yameelea juu, mwenye ABS anasimama na asiye nayo ama anaanguka ama anapitiliza.

Takwimu zipo pia. IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, walilinganisha modeli zile zile za pikipiki, zenye ABS na zisizo nayo, uchambuzi wao wa 2013 ukaonyesha ajali za vifo kwa zenye ABS zilikuwa chini kwa asilimia 31, baadaye walivyorudia na pikipiki nyingi zaidi ikawa asilimia 22. Ulaya walipima ajali za majeruhi, Italia zilipungua asilimia 24, Hispania 29, Sweden 34. Mimi huwa napunguza kidogo kichwani kwa sababu mtu anayekubali kuongeza hela anunue yenye ABS huenda ni mtu makini hata kabla hajaiwasha, lakini hata ukipunguza bado ni kubwa. Serikali nazo hazikungoja, Ulaya kuanzia 2016 modeli mpya za zaidi ya cc 125 lazima ziwe nayo, Japan Oktoba 2018, India Aprili 2019. Hata R6 unayoitaka ilikuja kupewa ABS 2017.

Haya, sasa upande wa pili, maana ubaya upo na sitaki uje uniambie fundi ulinificha.

Ubaya mkubwa kwenye spoti ni matuta na mawimbi ya lami. Fikiria uko 160, unabana breki kwa nguvu, tairi la mbele linagonga wimbi na kuruka hewani kidogo sana. Pedi zimebana, tairi halina lami ya kulizungusha, kwa hiyo linasimama. Komputa inaona gurudumu limeloki, inaachia presha. Tairi linatua, lakini breki haijarudi yote bado. Mpanda anahisi kama breki imekatika, mkono wa breki umekuwa mgumu kama mbao na chombo kinaenda tu. Ikichukua hata theluthi moja ya sekunde, kwa spidi hiyo umeshatembea karibu mita 15 bila breki ya maana. Mifumo ya zamani inajirudi polepole, ya kisasa inajirudi haraka sana, lakini jambo lenyewe halijaisha, ndo maana jamaa wa saketi wanachomoa fyuzi za ABS. Na kwenye barabara zetu, zile sehemu ambazo malori yamekunja lami kama kitambaa, hasa kabla ya mizani na kwenye vituo, ndo hapo hapo ambapo unahitaji breki. Dawa yake ni kuanza kupunguza mapema kabla ya mikunjo, sio kufika nayo.

Ubaya wa pili, barabara ya vumbi au kokoto. Tairi lililoloki kwenye vumbi linalima na kujikusanyia kichuguu mbele yake ambacho kinasaidia kusimama, ABS inazuia hilo na unapitiliza. Kwa pikipiki za adventure, zile za safari za barabara mbovu, hili ni jambo kubwa, zinakuwa na mode ya kuzima ABS ya nyuma. Kwa 600 ya spoti unaenda kufanya nini kwenye vumbi? Ila usichanganye na mchanga uliomwagika juu ya lami, ule wa kwenye kona za Bagamoyo Road ambapo watu wanajenga. Pale ni kipande kifupi, tairi linapita kwenye mchanga linataka kuloki, ABS inalegeza, linafika kwenye lami safi linashika tena. Asiye na ABS pale ndo anapoacha ngozi.

Uzito. Hapa washkaji wako wako sahihi kwa hiyo CBR, mfumo wake unaongeza kama kilo 10. BMW walivyoanza 1988 na K100, mfumo wa kwanza wa kielektroniki kwenye pikipiki za kuuzwa, ulikuwa kama kilo 11. S1000RR yao iliyokuja mwaka mmoja baada ya CBR yenye ABS ilikuwa na kilo 2 na nusu, na vifaa vya Bosch vya siku hizi havifiki hata kilo moja. Kilo 10 utazihisi ukiwa unaisukuma kwa mikono kwenye parking, barabarani zikikusumbua wewe basi usibebe abiria kabisa.

Alafu kuna hoja ya "mbona MotoGP hawatumii", yaani yale mashindano makubwa ya pikipiki duniani. Hawatumii kwa sababu kanuni zinakataza. Na hata zisingekataza, wale wanaingia kona huku breki bado imebanwa na wengine wanatelezesha tairi la nyuma kwa makusudi, wanajua kila wimbi la lami, hakuna bodaboda anayegeuza mbele yao, na wakianguka wanasimama wanajipangusa wanakimbilia pikipiki ya pili. Mtu akikuletea hoja ya Márquez, yule bingwa wa MotoGP, muulize yeye tairi zake zina miaka mingapi.

Sasa kwenye kona, hapa naomba usome mara mbili. ABS ya kawaida, ikiwemo ya hiyo CBR, haijui kama pikipiki imelala. Inajua magurudumu tu. Ukiwa umelala kwenye kona, sehemu ya mshiko wa tairi imeshatumika kukuzungusha, iliyobaki ndo ya breki, na ABS inakuja kulegeza wakati tairi limeshaanza kuteleza kwa pembeni, umechelewa. Pia ukibana breki ya mbele kwenye kona pikipiki inataka kusimama wima na kwenda moja kwa moja, ABS au bila ABS, na ukiwa unashuka mlima wa Kitonga, kwenda moja kwa moja maana yake ni lori au ni korongo. ABS inayojua mlalo ilianza na KTM 1190 Adventure 2013 kwa mfumo wa Bosch wenye sensa ya kupima ulalo, kwenye spoti Ducati Panigale 1299 ya 2015 na kuendelea. Hizo bei yake unaijua. Kwa hiyo mtu akikuambia "nina ABS naweza kubana popote", huyo usipande naye msafara.

Tuje kwenye mfumo wa hiyo CBR, maana watu wanauita ABS kama zote lakini Honda walifanya kitu tofauti kabisa. Inaitwa C-ABS, ilianza kwenye CBR600RR na CBR1000RR za 2009. Kwenye ABS ya kawaida mkono wako unasukuma mafuta mpaka kwenye kalipa na kifaa cha ABS kiko katikati, kikifanya kazi unahisi mkono unatetemeka. Kwenye C-ABS, chombo kikitembea, mkono wako hausukumi kalipa moja kwa moja. Sensa inapima umebana kwa nguvu gani, inapeleka habari kwa komputa, komputa inaamrisha mota za umeme ndo zisukume mafuta kwenye kalipa. Mkono hautetemeki hata kidogo ABS ikifanya kazi, kwa hiyo usishtuke ukidhani haipo. Pia breki zimeunganishwa, ukikanyaga ya nyuma komputa inaweza kugawia na ya mbele, jambo ambalo linafanya pikipiki itulie na isiiname pua sana. Ukiisoma vizuri kwenye breki ya ghafla ni mfumo mtamu kuliko mingi iliyokuja baadaye. Na umeme ukikatika vali zinafunguka na breki inarudi kuwa ya kawaida ya mafuta, hutabaki bila breki.

Tatizo ni kwamba mfumo huo una vifaa vingi, kila gurudumu lina kifaa cha vali na kifaa cha mota, juu yake komputa, na ni vya zamani sasa. Hapa washkaji wana hoja. Kutoa hewa kwenye breki zake sio kazi ya kufungua nati na kupampu, kuna utaratibu wake kwenye kitabu cha Honda, na fundi wa kubahatisha atakuachia hewa ndani. Mafuta ya breki ni DOT 4, yananyonya unyevu, na hapa Pwani unyevu haukosekani, hivyo badilisha kila baada ya miaka miwili hata kama hujaendesha, maana yakikaa na maji ndani yale matundu madogo ya vali yanashika kutu na kifaa kipya kutoka Japan kitakutoa jasho. Kwa hiyo kabla hujatoa hela nenda nayo hivi.

Washa swichi. Taa ya ABS lazima iwake. Isipowaka kabisa huo ni mtego, kuna mtu ameichomoa au ameifunika ili usione kuwa haizimi. Ikiwaka, endesha taratibu, ukianza tu kushika mwendo inatakiwa izime na isirudi. Ikirudi, usikubali maneno ya "ni sensa tu bosi", inaweza kuwa sensa kweli, inaweza kuwa betri imechoka maana zile mota zinakula umeme, inaweza kuwa kifaa chenyewe, muuzaji alipe kipimo cha komputa wewe ukiwa hapo. Angalia pete za sensa kwenye magurudumu yote mawili, wale mafundi tairi wetu wanaotumia vyuma na nyundo wanazipinda bila kujua zina kazi gani. Angalia saizi za tairi, mbele 120/70-17, nyuma 180/55-17, mtu aliyeweka tairi pana nyuma kwa ajili ya sura ameidanganya komputa kuhusu kasi ya magurudumu. Kuna kitu kimoja ambacho sio ugonjwa: muuzaji akiiwasha ikiwa kwenye stendi na kuzungusha gurudumu la nyuma peke yake taa inaweza kuwaka, komputa imeona la nyuma linakimbia la mbele limesimama, izimwe iwashwe upya uendeshe ndo uhukumu.

Ukipita hapo tafuta lami tupu, kavu, vaa vizuri, spidi 40, wima kabisa, kanyaga ya nyuma kwa nguvu uone kama inaloki. Isipoloki rudia na ya mbele, ukibana kidogo kidogo mpaka mwisho. Usianze na ya mbele.

Na kama Pulsar yako ni ile NS200 ya mwanzo yenye ABS, jua hiyo ni ya chaneli moja, inalinda tairi la mbele tu, mguu wako umezoea kuloki nyuma na kuona kawaida. Kwenye 600 ukirudisha gia ovyo na kukanyaga nyuma kwa tabia hiyo, R6 itakuonyesha mkia wake wiki ya kwanza, CBR itakufichia.

Ikitokea umeangukia kwenye R6 sio mwisho wa dunia. Ni pikipiki nzuri sana na breki zake ni kali, ndo shida yenyewe kwa mgeni. Weka tairi mpya, angalia mwaka kwenye ubavu wake, pedi nzuri, na tenga asubuhi za Jumapili kwenye lami tupu ufundishe mkono kubana kwa hatua mbili, kwanza kugusa mpaka shokapu zizame, alafu kukaza. Rudia mpaka mkono ufanye hivyo bila kukuuliza, alafu endelea kurudia kila msimu wa mvua ukianza, kwa spidi ndogo, kwa sababu kiasi unachoweza kukaza kwenye lami iliyolowa sio kile ulichozoea.

Kabla hujaenda kuiona CBR, mwambie muuzaji akupigie picha gurudumu la mbele upande wa diski. Kama pete yenye matundu haipo, hiyo ni CBR ya kawaida iliyobandikwa stika ya ABS na bei ya ABS, usipande hata daladala kuifuata.